Barua ya wazi kwa TAMISEMI: Kila kijiji kiandikiwe kilikotoka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.
Nakala: Waziri mwenye dhamana ya ardhi, wakuu wa mikoa, waheshimiwa wabunge na madiwani.

Mheshimiwa Waziri,

Salaam sana. Ninaloliomba nalitanguliza, kwa sababu najua meza yako ina mafaili mengi. Naomba Serikali ifungue daftari moja la wazi, la nchi nzima, linaloonyesha kila kijiji, mtaa, kata, wilaya na mkoa vilikotoka: vilimegwa wapi, lini, kwa Tangazo la Serikali namba ngapi, mpaka ukapita wapi, na mafaili ya zamani yakabaki ofisi ipi. Tena naomba daftari hilo lianze kazi kabla ramani ya nchi haijaguswa tena.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mkoa wa Songwe. Kazi yangu kubwa ni ardhi na mirathi. Watu huniletea karatasi zao, tunakaa tunazisoma pamoja, tunaangalia haki yao imeandikwa wapi na ofisi gani inapaswa kuijibu. Katika kazi hii nimeona kwamba migogoro mingi tunayoiita ya ukoo, au ya wakulima na wafugaji, ukiifukua unakuta chini yake kuna eneo lililogawanywa na kumbukumbu zisigawanywe nalo. Watu wanashitakiana wao kwa wao, kumbe kilichokosekana ni ukurasa mmoja ambao ofisi fulani ilipaswa kuuandika miaka mingi iliyopita.

Mchukue mzee aliyezaliwa Mpanda miaka ya 1950 na hajahama hata siku moja. Alizaliwa katika Jimbo la Magharibi, enzi za Mwingereza. Baada ya Uhuru majimbo yakaondolewa, mikoa ikachukua nafasi yake, akawa mtu wa Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 Mpanda ikatolewa Tabora, Sumbawanga ikatolewa Mbeya, ukazaliwa Mkoa wa Rukwa. Mwaka 2012 Mpanda ikatoka Rukwa na kuwa makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Jimbo moja na mikoa mitatu, na nyumba yake iko palepale. Mtu wa Bukoba alikuwa Ziwa Magharibi hadi 1979, mkoa ulipoitwa Kagera. Mtu wa Chato alikuwa wa Wilaya ya Biharamulo mkoani Kagera, wakampa wilaya yake, na mwaka 2012 wakamchukua pamoja na Geita ya Mwanza na Bukombe ya Shinyanga kuunda Mkoa wa Geita. Chato, Geita na Bukombe zimetoka mikoa mitatu, kila moja na mafaili yake huko ilikotoka.

Bara ilikaa na mikoa 20 tangu miaka ya 1970: Lindi ilikuwa imetolewa Mtwara mwaka 1971, Dar es Salaam nayo ikatenganishwa na Pwani. Mwaka 2002 Manyara ikamegwa Arusha. Mwaka 2012 ikaja minne kwa mpigo: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 tukapata Songwe yetu, kutoka Mbeya. Leo Bara ina mikoa 26, na ukiongeza mitano ya Zanzibar inakuwa 31. Hiyo ni ngazi ya juu, ambayo kila mtu anaiona kwenye ramani ya ukutani. Chini yake kuna vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 64,000, na huko ndiko mabadiliko yanakotokea mara nyingi zaidi na kuandikwa kidogo zaidi.

Sipingi kugawa. Naomba nieleweke hapo, kwa sababu kila anayehoji jambo hili huambiwa hataki maendeleo. Mtu wa Kamsamba, bondeni kule, alipokuwa bado Wilaya ya Mbozi na Mkoa wa Mbeya, shida ya wilaya ilimpeleka Vwawa na shida ya mkoa ikampeleka Mbeya mjini. Leo halmashauri yake ni Momba, makao makuu yako Chitete, na mkoa wake uko Vwawa. Ni nauli iliyopungua, ni siku ya shambani isiyopotea, ni mama mjamzito ambaye karatasi yake ya rufaa haizunguki tena mikoa. Katiba yetu, ibara ya 2, inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa, wilaya na maeneo mengine kwa ajili ya utekelezaji bora wa shughuli za Serikali, kwa kufuata utaratibu wa sheria. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nakubaliana na maneno hayo yote mawili. Ninachosema ni kwamba madaraka yakipelekwa na kumbukumbu zikabaki nyuma, anayeumia ni yule yule aliyekuwa akisogezewa huduma.

Nieleze jambo moja kwa undani.

Alikuja mama mmoja mjane na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na hati ya mauziano ya shamba ya mwaka 1994, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la mistari, kalamu ya bluu, majina ya mashahidi sita pande mbili, na chini muhuri wa kijiji wa rangi ya zambarau uliofifia kiasi kwamba unasomeka nusu. Juu kuliandikwa jina la kijiji, kata, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mume wake alinunua shamba hilo kihalali mbele ya serikali ya kijiji, kama watu wote walivyofanya. Tangu siku hiyo kijiji kimegawanywa viwili, na shamba likaangukia upande wa kijiji kipya. Kata nayo ikagawanywa. Wilaya ikabadilika. Mkoa ukabadilika. Katika maneno manne yaliyoandikwa kichwani mwa ile karatasi, hakuna hata moja linalolingana na mahali shamba lilipo leo.

Mume alipofariki, mpwa wake akajitokeza na barua ya kijiji kipya kwamba eneo lile ni lake, alipewa. Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji kipya. Kijana mstaarabu, akatufungulia leja yake, nayo inaanzia mwaka kijiji kilipoanzishwa. Jina la marehemu halimo. Tukaenda kijiji mama. Mtendaji wa kule akasema eneo lile si lake tena, na kwamba leja za zamani "zilichukuliwa wakati wa mgawanyo." Zilichukuliwa na nani, zikapelekwa wapi, hajui, kwa sababu yeye mwenyewe alihamishiwa pale baadaye. Kwenye baraza la ardhi, mama yule akatakiwa kuthibitisha kwamba kijiji kilichotajwa kwenye hati na kijiji kilichotajwa kwenye shauri vinahusu ardhi moja. Fikiria, Mheshimiwa: mjane asiyejua Gazeti la Serikali likoje anaambiwa athibitishe kitendo cha Serikali. Tulilazimika kutafuta wazee waliokuwepo. Kati ya wale mashahidi sita, wengine walishatangulia mbele za haki.

Hapo ndipo daftari ninaloliomba lingetosha. Mwenyekiti wa baraza angelifungua na kusoma: kijiji hiki kilitokana na kile, tarehe hii, mpaka ukapita kwenye mto huu na barabara hii, kumbukumbu za kabla ya hapo zipo masjala fulani. Dakika chache, na shauri lingehama kutoka kwenye swali la "mahali hapa panaitwaje" kwenda kwenye swali lenyewe, ambalo ni nani alinunua.

Tatizo hili lina mizizi mirefu kuliko mikoa mipya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitambua kuwa halali ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977, yaani kipindi cha Operesheni Vijiji. Ilikuwa busara kubwa ya Bunge, maana mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa na kupewa maeneo mapya, na bila kifungu kile nchi ingejaa kesi za watu kudai mahame ya babu zao. Sasa mjukuu anayetaka kukitumia kifungu kile leo anatakiwa aonyeshe kwamba babu yake alikatiwa shamba katika kijiji fulani mwaka 1975. Kijiji kile cha ujamaa huenda kimezaa vijiji vitatu na mtaa mmoja. Haki ameandikiwa na Bunge, lakini njia ya kuifikia imefunikwa na majina mapya.

Halafu kuna cheti cha ardhi ya kijiji. Cheti kinataja kijiji na mipaka yake. Kijiji kikigawanywa, cheti kile kinaendelea kutaja eneo lote la zamani mpaka vyeti vipya vitolewe, na katikati hapo hatimiliki za kimila zilizotolewa zinabaki na jina la kijiji mama juu ya shamba lililoko kijiji mtoto. Afisa wa benki anayeombwa mkopo kwa hati hiyo anaona jina moja kwenye hati na jina jingine kwenye barua ya utambulisho, na anachofanya ni kurudisha karatasi. Simlaumu. Hana pa kuangalia.

Linaloniumiza zaidi ni kijiji kinapogeuka mtaa, na huko Tunduma, Vwawa, Mlowo na miji mingine inayokua kwa kasi hili ni jambo la kila siku. Kijiji kwa sheria zetu ni kitu kizito. Kina Halmashauri ya Kijiji yenye utu wa kisheria, inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Kina Mkutano Mkuu ambao ardhi haiwezi kugawiwa mtu bila wenyewe kuridhia. Mtaa hauna hayo. Una mwenyekiti na kamati, una mtendaji, lakini ardhi imeshahamia kwa halmashauri ya mji na mipango miji. Kwa hiyo siku kijiji kinapopandishwa hadhi, wananchi wanapiga makofi na wanastahili kupiga, kwa sababu barabara na maji vinakuja. Lakini siku hiyo hiyo wamepoteza kikao kilichokuwa na neno la mwisho juu ya ardhi yao, na mara nyingi hakuna aliyesimama kuwaambia. Ile ardhi ya akiba ya kijiji, ule msitu mdogo, kile kiwanja cha mpira, eneo la makaburi: vimekwenda kwa nani? Kwa orodha gani, iliyosainiwa na nani? Nimekaa na wazee wakinihesabia maeneo ya kijiji chao cha zamani kwa vidole, kwa sababu orodha ya maandishi haipo tena mahali wanapoweza kuifikia. Daftari ninaloliomba liwe na ukurasa wa mali: siku ya mgawanyo au ya kupandishwa hadhi kulikuwa na nini, na kila kimoja kimekwenda wapi.

Kwa halmashauri ni vivyo hivyo, ila tarakimu ni kubwa. Tunduma ndiyo yenye mpaka wa Zambia, malori na maduka. Ilipokuwa mji wenye halmashauri yake, ilibeba vyanzo vyake vya mapato, na Momba ya vijijini ikabaki na ufuta, mpunga na mazao mengine ya bondeni. Huo ni uamuzi wa kiserikali na una sababu zake. Lakini mwananchi wa Momba ana haki ya kujua mali na madeni viligawanywaje: majengo, magari, madai ya watumishi, madeni ya wazabuni, marejesho ya mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliyotolewa na halmashauri ya zamani. Kikundi kilichokopa kutoka halmashauri moja na kujikuta kiko nyingine kinamrejeshea nani? Nimeulizwa swali hilo na akina mama waliotaka kulipa, na ofisi mbili kila moja ikawaelekeza kwa mwenzake.

Yapo mahali Serikali imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana, na nataka nipataje kwa heshima. Sensa ya 2012 iliikuta Mbeya na watu 2,707,410. Sensa ya 2022 ikaikuta na watu 2,343,754. Asiyejua atasema watu zaidi ya 360,000 wametoweka Mbeya kwa miaka kumi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu haikuacha hivyo. Ilirudi kwenye hesabu za 2012 na kuzipanga upya kwa mipaka ya sasa: Mbeya iliyobaki ilikuwa na watu 1,708,548 na eneo lililokuja kuwa Songwe lilikuwa na 998,862. Ukizijumlisha zinarudi pale pale kwenye 2,707,410, na sasa unaona ukweli, kwamba Mbeya imekua, na Songwe nayo imekua hadi 1,344,687. Hivyo ndivyo kazi ya mgawanyo inavyopaswa kumaliziwa. Mtu alikaa akaandika cha zamani kilikuwa wapi ndani ya kipya. Kama iliwezekana kwa mikoa miwili na watu karibu milioni tatu, inawezekana kwa kijiji chenye kaya mia nne.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kuona hasara ya kuvunja bila kuhifadhi. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, za miji mwaka uliofuata, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Miji ilidhoofika, usafi na maji vikazorota, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Za wilaya zikasubiri sheria namba 7 ya 1982 na kuanza kazi tena 1984. Miaka kumi na miwili ni karibu theluthi ya umri wa utumishi wa mtu. Makarani waliojua faili lipi liko kabati lipi walistaafu au walihamishwa. Leo ukitafuta uamuzi wa halmashauri ya wilaya wa mwaka 1968 kuhusu eneo la malisho au shamba la shule, unatafuta ndani ya pengo hilo.

Nazungumzia pia jambo la Ngorongoro, si kwa kuchochea, ila kwa sababu linaonyesha kwamba jina la kijiji kwenye tangazo si urembo. Tangazo la Serikali namba 673 la Agosti 2, 2024, kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa, liliacha nje vijiji 25 vya Tarafa ya Ngorongoro pamoja na kata zake 11. Wananchi walijaa barabarani, wanawake kwa wanaume, na shuka zao nyekundu. Kabla Agosti haijaisha Mahakama Kuu Arusha ilikuwa imesimamisha utekelezaji wake, na Serikali ikatangaza kurejesha vijiji vile. Sitaki kuingia kwenye suala zima la hifadhi, ni kubwa kuliko barua hii. Nasema tu kwamba kijiji kikiondoka kwenye karatasi, vinaondoka navyo kura, mtendaji, Mkutano Mkuu na mahali pa kusimama kudai ardhi. Wale ndugu walilijua hilo kabla hawajaelezwa na yeyote. Wananchi wanastahili kuliona badiliko la namna hiyo likiwa bado pendekezo, mahali pa wazi, na jina la aliyelipendekeza na kikao kilicholipitisha.

Majirani nao wana ya kutufundisha. Kenya iliongeza wilaya hadi zikapita 200, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikatamka kwamba wilaya halali ni zile 46 tu za sheria ya 1992. Katiba yao ya 2010 ikaandika kaunti 47 kwa majina, na kubadili mpaka wa kaunti kukawekewa tume huru na theluthi mbili za wabunge. Uganda ilikuwa na wilaya 33 mwaka 1986 na leo zimepita 130. Sisemi tuige njia ya huyu au yule. Ila wote wawili wametuonyesha kwamba ugawaji ni kitu ambacho wanasiasa hukiahidi kwa urahisi jukwaani, kwa sababu kila kijiji kinachotaka kuwa kata na kila kata inayotaka kuwa wilaya ni kura. Ahadi ni ya siku moja. Karatasi za watu ni za vizazi.

Mheshimiwa, taarifa za daftari hili hazihitaji kutafutwa upya zote. Utaratibu wetu wenyewe unazizalisha. Pendekezo la kugawa linaanzia Mkutano Mkuu wa Kijiji, linapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisha linakuja kwako. Kila ngazi ina muhtasari wenye mahudhurio na saini. Kila ngazi imejadili mipaka, idadi ya watu, shule, zahanati, vyanzo vya mapato. Mihtasari hiyo iko kwenye mabox ofisini kwenu na mikoani. Ninachoomba ni ifunguliwe, ipangwe, na iwekwe mahali ambapo mtendaji wa kijiji mwenye simu ya kawaida ya intaneti anaweza kuisoma na kuichapa kwa ajili ya mjane aliyeko mbele yake. Serikali iliweza, mwaka 2022, kuzungukia nchi nzima kuweka anwani za makazi, namba kwenye milango na majina kwenye barabara. Postikodi zetu hutolewa kwa kata, kwa hiyo kila kata inapogawanywa mfumo ule lazima uguswe. Hapo hapo pangeongezwa safu moja: kata hii ilikuwa sehemu ya ipi, hadi lini.

Na mpaka uandikwe kwa viwianishi, si kwa maneno peke yake. Nimesoma maelezo ya mpaka yanayosema "kutoka mti wa mkuyu hadi nyumba ya mwenyekiti." Mkuyu ulikatwa. Mwenyekiti alihama. Kati ya vijiji viwili hapo katikati kuna mashamba ya watu ambao kila mwaka wa kilimo hawajui walipe ushuru wapi na wakamatwe na mgambo wa wapi. Kule Kiteto na Kongwa, mpakani mwa Manyara na Dodoma, tumeona damu ikimwagika kwa ugomvi wa ardhi ya aina hii.

Wakati daftari likiandaliwa, kuna jambo ambalo ofisi yako inaweza kulifanya kwa waraka tu, bila kusubiri bajeti. Waelekezeni watendaji, na ombeni wenzenu wa mahakama, mabaraza ya ardhi, RITA wanaosajili vizazi na vifo, NIDA wanaotoa vitambulisho vya taifa, na benki wakubaliane, kwamba karatasi iliyotolewa kwa jina la zamani la eneo inabaki halali kama ilivyo, na kwamba kazi ya kuthibitisha jina la zamani na jipya ni la mahali pamoja ni ya halmashauri, bila malipo, kwa barua moja yenye namba ya Tangazo. Hapa kwetu mkoa unaitwa Songwe na makao yake makuu yako Vwawa, Wilaya ya Mbozi. Wilaya ya Songwe ni nyingine, iliyomegwa Chunya, na makao yake ni Mkwajuni. Uwanja wa Ndege wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya. Kijana anayejaza fomu ya chuo akaandika alizaliwa "Mbozi, Mbeya" kama cheti chake kinavyosema, na "Mbozi, Songwe" kama kitambulisho chake kinavyosema, hajasema uongo mahali popote. Asirudishwe nyumbani kutafuta kiapo cha kulipia kwa wakili.

Najua sasa hivi Serikali imekuwa ikijibu bungeni kwamba kipaumbele ni kukamilisha miundombinu ya maeneo yaliyopo kabla ya kuanzisha mapya. Ni msimamo mzuri, na umetupa nafasi. Wakati huu ambapo maombi yamelala kwenye foleni ndio wakati wa kuandika yaliyopita. Anzeni na mikoa iliyozaliwa 2012 na 2016, kwa sababu watendaji waliosimamia mgawanyo huo wengi bado wako kazini au wamestaafu juzi, wanakumbuka leja ziliingia kwenye gari gani. Katavi, Geita, Simiyu, Njombe, Songwe. Waitwe, waulizwe, waandikwe. Hapa Songwe mimi na wenzangu wasaidizi wa kisheria tuko tayari kupita kijiji kwa kijiji na maafisa wenu kukusanya mihuri ya zamani, leja zilizobaki na majina ya wazee waliokaa kwenye vikao vya mgawanyo. Tunachohitaji ni barua ya utambulisho kutoka ofisi yako na afisa mmoja wa kupokea kazi yetu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Mkoa wa Songwe